Mpasuko Unaoelekea Uwanja wa Ndege

Lucienne alikuwa asistanti wa jiolojia, yaani mwalimu msaidizi, katika chuo kimoja cha Bunia, na kwa miezi saba alikuwa akipanda na kushuka vilima vinavyouzunguka mji, akipima mipasuko ya miamba. Ukiitazama kwa mbali, kazi yenyewe haina mvuto. Unafika kwenye mwamba, unafagia udongo na majani, unatafuta mahali jiwe lilipopasuka, unalaza simu juu ya ule mpasuko na kungoja itulie. Simu inakuambia mambo mawili: mpasuko unaelekea upande gani wa dunia, na umeinama kiasi gani. Unabonyeza, kipimo kinajiandika chenyewe juu ya ramani kama kijistari chekundu, unahamia mpasuko mwingine. Jioni una vijistari ishirini. Mwisho wa mwezi una mia nne na zaidi. Ukivitazama vyote kwa pamoja, ndipo unapoanza kuelewa jinsi ardhi ilivyobanwa, ikavutwa, ikakatika, enzi ambazo hapakuwa na mtu wa kuona.

Angependa kufika mbali zaidi, Bambu na milima ya juu ya Djugu, lakini kwa sababu ya vita njia za huko hazikuwa za kuendea na simu mkononi na nyundo mfukoni. Akatosheka na vilima vya karibu. Na katika vilima hivyo vyote, mahali palipompa mwamba mzuri zaidi ni karieri moja, machimbo ya mawe ukingoni mwa mji, ambako wanawake thelathini na mmoja walikaa kutwa nzima wakivunja mawe kuwa kokoto za wajenzi. Kwingine mwamba umefunikwa na udongo mwekundu. Pale ulisimama wazi, ukuta wa urefu wa nyumba mbili zilizopandana, wa kijivu, safi, kila mpasuko unaonekana.

Wanawake walimzoea. Mwanzoni walidhani anatafuta dhahabu, wakamwangalia kwa jicho la pembeni. Walipoona juma la pili linapita na hajachimba hata kishimo cha kidole, wakamwacha, na wengine wakawa wanamchekea: "Madame anapimia majiwe nguo!"

Aliyekaa karibu kabisa na ule ukuta aliitwa Domitille. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mwenye mikono iliyojaa vikovu vidogo vya vipande vya jiwe. Alitoka upande wa Kpandroma, ambako alilima viazi na maharage, mpaka vita vikawatoa yeye na watoto wake wanne. Sasa waliishi katika kambi ya wakimbizi wa ndani, chini ya turubai. Alichagua kukaa chini ya ukuta kwa sababu pana kivuli mpaka saa tano, na kwa sababu mawe yanayodondoka pale hupasuka vizuri. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kwa majuma matatu, yeye na Lucienne walisalimiana tu asubuhi na kuagana jioni.

Siku moja, Lucienne alikuwa ameketi karibu naye akinywa maji, simu imefunguka mapajani. Kwenye kioo palikuwa na picha ya mji iliyopigwa kutoka angani, na juu yake vijistari vyake vyekundu. Domitille aliweka nyundo chini, akainamia ile picha. Akatazama kwa muda mrefu.

"Madame," akasema, "mu hii picha, avion inashukaka wapi?"

"Hapa, mama." Lucienne aliweka kidole penye uwanja wa ndege. "Unaona hii kitu ndefu? Njo uwanja."

"Na siye tuko wapi?"

"Hii alama ya bulu, njo siye."

Domitille akasogeza uso karibu na kioo. Kisha akaonyesha kijistari kirefu kuliko vyote, kile cha mpasuko mkubwa uliokata ukuta kuanzia juu hadi chini. "Na hii njo ile mupasuko ya nyuma yangu?"

"Njo yenyewe."

"Basi mustari yako haiko sawa."

Lucienne alitabasamu, kama mwalimu anavyotabasamu mwanafunzi akikosea kwa bidii. "Unasema nini, mama?"

"Miye nakaaka hapa kila siku. Nikichoka, nainua kichwa, naangalia ile mupasuko vile inapita juu. Avion inaingiaka palepale, ku mwisho yake. Kila asubui. Lakini mu picha yako mustari inaenda ku soko."

"Masini hii inapima na satelite, mama. Haidanganyake."

"Sawa, Madame," Domitille alisema bila kinyongo, akachukua nyundo yake. "Weye njo ulisoma."

Lucienne akarudi kazini. Alipima mipasuko mingine sita, lakini neno lile lilimkaa kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Alijua vizuri kwamba mtu anaweza kusoma ramani vibaya. Alijua pia kwamba mtu anayetazama kitu kilekile kila siku kwa miezi si rahisi akikosee. Mwishowe, huku akijiona mjinga, akapanda juu ya ukuta kwa njia ya nyuma, akasimama miguu yote miwili juu ya ule mpasuko, akanyoosha mkono kuufuata. Mkono wake ulielekea moja kwa moja kwenye kichwa cha uwanja wa ndege. Akafungua simu. Simu ikamwambia, kwa utulivu wake wa siku zote, kwamba anaelekea sokoni.

Tofauti ilikuwa digrii thelathini na nane.

Akaketi palepale juu ya jiwe.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa muzee Anaclet kabla hajafungua. Muzee Anaclet ndiye aliyetunza maabara ya chuo. Ujanani alikuwa mpima ardhi wa kampuni za dhahabu, na kabatini mwake alihifadhi dira ya mkono, ya shaba, iliyofungwa katika kitambaa cha flaneli. Hakumwazima mtu yeyote dira hiyo bila kumsikiliza kwanza.

"Simu yangu imekufa, muzee," Lucienne alimwambia. "Inakosa njia. Naomba busole yako."

"Imekosa tangu lini?"

"Sijue. Njo kitu inaniogopesha."

Muzee alifungua kitambaa pole pole, akaiweka dira mezani. Sindano ikayumba, ikatulia, ikaonyesha kaskazini. "Leta hiyo simu."

Lucienne akaiweka kando ya dira. Sindano ikageuka papo hapo na kuifuata simu, kama kuku anayefuata mkono wenye mahindi. Muzee akaisogeza simu kushoto, sindano ikaenda kushoto. Akaivuta kulia, ikarudi kulia. Ndipo akaitoa simu katika pochete yake, kile kifuniko cha ngozi, akaiacha simu tupu mbali kule, na pochete peke yake akaileta karibu na dira. Sindano ilizunguka nusu duara.

"Hii pochete ulitoa wapi?"

Ilikuwa pochete nzuri, ya kufunika kama kitabu, ambayo kaka yake Gaël, anayeuza vifaa vya simu kule Mahagi, alikuwa amemtumia siku ya kuzaliwa kwake. Ilijifunga yenyewe kwa mlio mdogo uliompendeza sana: tak! Hakuwahi kujiuliza inajifungaje. Ndani ya ngozi, pembeni, mlikuwa na kisumaku chembamba kama kipande cha sarafu. Alipokuwa akipima alikunja kifuniko nyuma ya simu, na kile kisumaku kikakaa mgongoni kwa dira iliyo ndani ya simu.

"Uliivalisha lini?" muzee akauliza.

"Siku ya kwanza nilipoingia karieri."

Vipimo mia tatu na kumi na viwili. Vyote vya karieri. Wala haukuwa upotovu wa aina moja ambao angeweza kuuondoa kwa kutoa digrii fulani kila mahali: ulibadilika kadiri simu ilivyogeuzwa, hapa digrii kumi, pale arobaini. Hapakuwa na cha kufanya ila kupima upya.

Alimwandikia profesa wake wa Lubumbashi, aliyesimamia utafiti wake, akaeleza kila kitu, hakuficha hata ile pochete. Profesa alijibu kwa mistari miwili: kwamba amefurahi kosa limeonekana kabla ya kitabu cha utafiti huo kuchapwa, na je, ni nani aliyeliona?

Lucienne alirudi karieri na dira ya shaba shingoni, simu ikiwa uchi. Alikwenda moja kwa moja kwa Domitille.

"Mama, ulisema kweli. Miye njo nilikosa."

Domitille alimtazama kama vile hakutegemea mtu aje kumwambia jambo la namna hiyo. "Haiko kitu, Madame. Sasa utafanya je?"

"Naanza mwanzo."

"Yote?"

"Yote."

Domitille akajipangusa vumbi. "Nitakuonyesha. Kuko mipasuko ingine haukuiona. Ukipiga jiwe fasi hii, inakatika vile jiwe yenyewe inataka, si vile weye unataka."

Kwa siku sita walifanya kazi pamoja. Asubuhi Domitille alivunja mawe yake, na jua lilipofika kivulini pake aliacha nyundo akaongozana na Lucienne. Alikuwa na jina la kila aina ya mpasuko. Mmoja aliuita mlango, kwa sababu jiwe hufunguka hapo lote kwa wakati mmoja. Mwingine aliuita mwongo, kwa kuwa huonekana mrefu lakini hufia ndani. Wanawake wengine nao wakaja kusafisha mwamba kwa mifagio yao, wakiita, "Madame, kuko ingine hapa!" Kila kipimo Lucienne alikichukua mara mbili, kwa dira na kwa simu, na vikakubaliana. Kazi iliyomchukua majuma matatu akiwa peke yake iliisha siku ya sita saa nane mchana, na vipimo vikafika mia nne.

Siku iliyofuata, umeme ulipokuwepo chuoni, alivipanga vyote katika lile duara ambalo wanajiolojia hulitumia kuona miinamo kwa pamoja. Mipasuko ya karieri ilikuwa ya makundi mawili. Katika vipimo vya zamani, makundi hayo yalikutana ndani ya kilima, mahali pasipo na hatari. Katika vipimo vipya, yalikutana katika mstari ulioteremka kuelekea nje. Akaufuata mstari ule juu ya ramani. Ulitokeza usoni mwa ukuta, mita mbili hivi juu ya ardhi.

Chini ya hapo ndipo Domitille na wenzake kumi na mmoja walipokuwa wakikaa kila siku mpaka saa tano.

Hakufunga hata kompyuta. Alisimamisha pikipiki ya kwanza iliyopita.

Kiongozi wa karieri alikuwa Kasereka, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole, aliyechaguliwa na wavunja mawe wenyewe kuwa rais wa chama chao. Lucienne alimkuta akila bugali na maharage pamoja na akina mama, akamwambia huku akihema: watu watoke upande ule wa ukuta, leo, sasa hivi.

"Pole pole, Madame," Kasereka alisema. "Ile ukuta iko pale tangu zamani. Naangalia mupasuko ya kuume, imeinama kando. Ya kushoto, imeinama kando. Hakuna hata moja inaangalia siye. Itaanguka je?"

Alikuwa anasema kweli. Mtu mwenye macho angeona hivyo hivyo. Lucienne akatazama sahani ya Kasereka.

"Rais, niruhusu." Akachukua kisu, akausogeza mlima wa bugali katikati. Akakata mara moja, kwa kuinamisha, kutoka upande wa kulia. "Hii peke yake, bugali inashuka?"

"Haishuke."

Akakata mara ya pili kutoka kushoto, mpaka ile mikato miwili ikakutana chini. "Na hii?"

Akainamisha sahani kidogo. Kipande cha katikati, chenye umbo la kabari, kikateleza chote mara moja, kikatua kwenye maharage.

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja akajishika mdomo.

"Itaanguka siku gani?" Kasereka akauliza.

Swali hilo ndilo Lucienne aliloliogopa. Alijua kwamba jibu la uhakika lingewahamisha wote mara moja, na kwamba hakuwa nalo. "Sijue, rais. Pengine kesho. Pengine kisha miaka kumi. Mvua ikiingia mu mipasuko, inateleza mbio zaidi. Lakini siku yenyewe, sijue."

Kasereka akashusha pumzi. "Majiwe ya pale njo mazuri kushinda yote. Nikiondosha bamama pale kwa kitu haijulikane siku..."

Domitille alikuwa amesimama tayari. Alikwenda ukutani, akachukua nyundo yake, beseni lake, na lile gunia alilokuwa akilikalia, akavuka hadi upande wa pili wa karieri, kwenye jua, akaketi. Mwenzake mmoja akamfuata. Kisha wawili. Baada ya muda mfupi chini ya ukuta palibaki mabonge ya mawe tu, na Kasereka mwenyewe akawa anakata matawi ya kuziba njia.

Siku zikapita. Upande wa pili jua lilikuwa kali na mawe yalikuwa magumu. Baadhi ya akina mama wakaanza kunung'unika, si kwa sauti, na Lucienne akawasikia. Kila asubuhi alikwenda kutazama ukuta, kila asubuhi ukuta ulikuwa vilevile. Alianza kurudia hesabu zake. Zilikuwa sawa. Akaomba Mungu ziwe si sawa, halafu akaomba angalau watu wawe na subira.

Siku ya kumi na mbili ilinyesha mvua ya mchana kutwa. Siku ya kumi na tatu, saa tatu asubuhi, Lucienne alikuwa mbele ya wanafunzi simu ilipoita. Alikuwa Kasereka.

"Madame, imeshuka."

"Mutu?"

"Hapana mutu. Hata mumoja."

Aliwaambia wanafunzi wamsubiri, akatoka, akasimama kwenye varanda akishikilia nguzo mpaka alipoweza kupumua vizuri. Alikuwa akilia, na hakujali nani anamwona.

Alipofika karieri, vumbi lilikuwa bado halijatulia vizuri. Kipande kizima cha ukuta kilikuwa kimetoka, na mawe makubwa kama gari yalikuwa yamelala mahali palipokuwa na kivuli. Ukutani palibaki pande mbili laini zilizokutana chini, kama vile mtu amepitisha kisu. Wanawake walikuwa wamesimama upande wa pili, wengine wakiimba kwa sauti ndogo, wengine wakihesabiana mara ya tatu. Domitille alikuwa akilitazama lile fungu la mawe. Lucienne akaenda kusimama kando yake, na yule mama asiyependa maneno akamshika mkono, akaushikilia hivyo bila kuuachilia.

"Batoto yangu bane," alisema mwishowe. "Bangebaki na nani?"

Jumapili iliyofuata akina mama walipanga shukrani katika kanisa lao, jengo la mbao karibu na kambi. Lucienne alikuwa Mkatoliki, akasali misa ya kwanza parokiani kwake, kisha akaenda. Walimketisha mbele. Mchungaji alisimulia jinsi Mungu alivyomtuma msomi kuokoa watu kumi na wawili, na kila aliposema "msomi" Lucienne aliona uso unawaka. Walipomwita aseme neno, alisimama akiwa hajui aanzie wapi, akaamua kuanzia mwanzo.

"Ile ramani yangu ilikuwa ya bongo, uwongo tupu," alisema. "Majuma matatu nilipima bongo. Nilikuwa na sumaku nyuma ya simu, sikujua. Ningebaki vile, ramani ingesema ukuta iko muzuri, na miye mwenyewe ningewaambia mukae pale bila woga. Nilikuwa na diplome, nilikuwa na satelite. Mama Domitille njo aliinua kichwa akaangalia avion. Akaniambia mustari yako haiko sawa, na miye nikamujibu masini haidanganyake. Basi kama munashukuru, tushukuru pamoja. Miye nakuja kushukuru kama nyinyi."

Kisha mama mmoja nyuma akacheka kwa furaha, na vigelegele vikaanza, na Domitille akainamisha kichwa mpaka kitambaa chake kikamfunika macho. Kasereka alipiga makofi kuliko wote.

Baada ya ibada walikula nje, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa ziwani. Lucienne akasogeza kiti karibu na Domitille. Kitabu chake, alimweleza, kitakuwa na ukurasa wa shukrani, na alitaka kumwandika yeye wa kwanza, hata kabla ya profesa.

"Hapana miye peke yangu," Domitille alisema. "Nani alifagia majiwe? Andika bote."

"Bote thelathini na mumoja?"

"Juu ya nini usiandike bote? Karatasi itajaa?"

Lucienne akatoa simu, akafungua ukurasa mtupu, akaanza kuuliza majina. Haikuwa kazi ndogo. Musoki alitaka jina la baba yake liongezwe. Chantal alitaka liandikwe na jina la kijiji, ili watu wajue ametoka wapi. Mama mwingine alisema yeye ana majina matatu na hataki kuacha hata moja. Wawili wakagombana nani alifika karieri kwanza, kwa hiyo nani aandikwe kwanza, mpaka Kasereka akaja kuamua, naye akashindwa. Lucienne aliandika, akafuta, akaandika tena. Domitille alikuwa amemsogelea, akifuata kidole chake juu ya kioo, akimwambia kila mara alipokosea herufi.